Bidoni Lililosuguliwa Nje

Kazi ya Anastase ilikuwa kutazama chupa tupu. Msicheke, kuna kazi za ajabu kuliko hiyo. Katika kile kiwanda cha bia kando ya ziwa, chupa zilirudi kutoka kwenye mabaa ya nchi nzima, zikaogeshwa kwa maji ya moto na soda kali, kisha zikapita moja moja mbele ya taa kubwa iliyofunikwa kwa kioo cheupe. Mbele ya taa ile aliketi Anastase juu ya kiti kirefu, mikono magotini, macho mbele. Chupa ikiwa na uchafu ndani, aliitoa. Basi. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha yeye, mke wake Mukabera na binti yao Belyse, tangu walipovuka mpaka mwaka 1995 kurudi Gisenyi kutoka Goma.

Wageni walidhani ni kazi ya kusinzia. Lakini Anastase alikuwa ameona mambo. Alikuwa ameona chupa inayong'aa kama jicho la mtoto, ungeapa ni safi, kumbe chini kabisa mmeganda kipande cha sigara, au mende, au masizi ya mtu aliyeigeuza koroboi. Nje haikudanganya mara moja au mbili, ilidanganya kila siku, asubuhi na jioni. Na palikuwa na sheria: dakika ishirini, kisha unampisha mwenzako, kwa sababu macho yakichoka huanza kuona usafi mahali pasipo na usafi.

"Macho ya kuchoka inasameheaka kila kitu," alizoea kumwambia Jado, mwenzake wa zamu, baba wa watoto watano kutoka Busasamana.

Bia yenyewe hakuinywa. Watu wa kiwanda walipewa kreti yao, naye alibadilisha ya kwake kwa limonadi, na watoto wa majirani waliijua siku ile kama wanavyoijua Noeli.

Sasa njoni kanisani.

Kanisa lilikuwa la mbao, juu ya barabara iendayo mpakani. Waumini wake wengi walikuwa watu wa ukimbizini, wazee waliokimbia wakiwa watoto na vijana waliozaliwa huko huko Masisi na Goma. Waliporudi walirudi na sufuria, mikeka, na kanisa lao pamoja na Kiswahili chake cha kuombea. Kinyarwanda kilikuwa cha nyumbani, lakini Mungu walikuwa wamezoea kumwita kwa Kiswahili, na mtu habadilishi lugha ya kulilia.

Huko Goma, kwa miaka kumi na minane, Anastase alikuwa mtunza vyombo vya meza ya Bwana. Vyombo vyenyewe vilikuwa vigilasi arobaini, alivyovinunua kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa akifunga hoteli yake. Vilikuwa vigilasi vya pombe kali, kila mtu aliviona. Anastase alivichemsha, akavisugua kwa jivu lililochekechwa, akavisuuza maji matatu, kisha akasimama dirishani akavitazama kimoja kimoja dhidi ya jua. Mchungaji wa wakati ule, ambaye sasa amelala kwenye makaburi ya Goma, alimuuliza kama haoni vibaya kuwanywesha watu wa Bwana kwa vyombo vya baa.

"Kikombe haiulizwe imetoka wapi, mchungaji," Anastase alimjibu. "Inaulizwa kama imeoshwa."

Mchungaji akacheka, akakubali. Watu wa zamani walikuwa na akili.

Na kinywaji chenyewe? Divai ya zabibu wangeitoa wapi? Walitumia mutobe, maji ya ndizi mbivu yaliyokamuliwa kwa majani. Mutobe una sheria zake, na Anastase alizijua kama anavyojua jina la mama yake. Unakamuliwa Jumamosi, si kabla. Unachemshwa mara moja. Unatiwa katika chombo kilichooshwa ndani kwa maji ya moto na changarawe. Kwa maana mutobe haungoji mtu. Uache siku mbili kwenye jua, ndani ya chombo kilichowahi kubeba urwagwa, ile pombe ya ndizi, nao utageuka urwagwa wenyewe, bila kuomba ruhusa kwa mzee yeyote wa kanisa.

Ninamtaja mtu mmoja zaidi, kwa sababu bila yeye hakuna habari. Gatete, fundi viatu wa sokoni. Zamani za Goma, Gatete alikuwa mlevi wa kutajwa. Aliuza sufuria, akauza blanketi, mwishowe akang'oa mlango wa nyumba yake mwenyewe akaunywa, na mke wake akalala mwezi mzima nyuma ya pazia la gunia. Anastase ndiye aliyemtoa katika mtaro wa mawe ya volkano, uso umechanika, akamwosha, akampeleka kanisani akimshika kwapani. Tangu siku ile, miaka minane, Gatete hakuonja tone. Kutoka sokoni kwenda kwake alizunguka njia ndefu ya juu, kwa sababu njia fupi ilikuwa na mabaa matatu. Watu walimcheka. Yeye alizunguka.

Basi, mwanzoni mwa mwaka 1999, kanisa likapata mzee mpya wa kuliongoza, jina lake Sebahire. Shati lake lilikuwa jeupe daima, vifungo vyote vimefungwa hadi kooni hata jua la saa sita likiwaka. Jumapili alisimama mlangoni akipima sketi za wanawake kwa macho. Alimrudisha Mutesi nyumbani kwa kosa la kusuka nywele, na msichana yule alikuwa amepanda mlima kwa miguu saa nzima. "Muokovu anajulikana na nje," alisema Sebahire, na watu wakaitika amina. Hakuwa mwizi, tusimsingizie. Wala hakuwa mzinzi. Alikuwa mtu aliyechoka macho, akadhani kuchoka kule ni utakatifu.

Wakamwita Anastase mbele ya kamati.

"Bon, Papa Belyse," alianza Sebahire, kwa sauti ya mtu anayebembeleza mgonjwa. "Hatukufukuze. Tunakuweka tu pembeni."

"Pembeni ya nini?"

"Ya meza. Mukono yenye inashika chupa ya pombe haiwezi kushika kikombe ya Bwana. Siku utaacha ile kazi, donc, siku ile ile utarudia."

"Mi sishikake pombe. Mi naangaliaka chupa tupu. Tena yenye imeoshwa!"

"Harufu inabakia."

"Harufu gani? Njo unuse." Anastase akasimama, akanyoosha mikono yote miwili juu ya meza, viganja wazi. "Nusa, muzee! Usiogope, haiumake."

Sebahire akajivuta nyuma na kiti chake. Mkewe, Mukamusoni, aliyekuwa shemasi wa akina mama, akashika kifua. "Yebabawe! Huyu mutu kiburi yake inafika ata ku dari!"

"Na mutoto wangu atakula nini, niache kazi?"

"Mungu anajua."

"Anajua, ndiyo. Njo maana alinipa kazi."

Haikusaidia. Alipelekwa benchi la nyuma, lile lililokaa chini ya dirisha lisilo na kioo. Hapo waliketi waliokatwa meza: binti mmoja mwenye mimba, mwanamume mmoja wa wake wawili, na sasa mtazama chupa. Vigilasi arobaini, alivyovuka navyo mpaka, vikakabidhiwa Mukamusoni.

Hasira ikamwingia Anastase, ikapanga nyumba. Asubuhi ilimwamsha, jioni ilimsindikiza. Mwezi wa kwanza alidhani itapita. Mwezi wa nne ilikuwa bado inakula naye sahani moja. Na kilichomuuma zaidi hakikuwa benchi. Kilichomuuma ni kwamba Mukamusoni alivipangusa vile vigilasi kwa kitambaa kikavu, akavipindua kwenye sinia ili migongo yake ing'ae, basi. Kutoka benchi la nyuma, kwa yale macho yake ya kiwandani, Anastase aliona mstari wa uchafu chini ya kila kigilasi, mweusi kama ukucha. Aliuona, watu wakaunywea, na hakuna aliyeruhusiwa kuusikia kutoka kwake.

"Wananikata meza juu ya chupa safi," alimwambia Jado kazini, "halafu banakunywa ku vikombe vichafu!"

"Achana nao, muzee. Njo kwetu Busasamana, padri hataki kujua unafanya kazi wapi."

"Mi siachi. Ile ni kanisa yangu. Ile vigilasi ni mi nilinunua!"

"Basi kasirika polepole. Umepitisha moja yenye sigara."

Kweli, ilikuwa imepita. Anastase akaruka kutoka kitini, akaikimbilia chupa ile, akaikamata shingo kabla haijafika kwenye mashine. Katika miaka minne ilikuwa ya kwanza kumponyoka.

Ukafika Agosti, kiangazi, vumbi la volkano kwenye kila jani. Jumapili ya meza ikakaribia. Jumamosi yake, saa nane mchana, Anastase akitoka zamu ya asubuhi alipita uani kwa kanisa, akamkuta Mukamusoni amepiga magoti mbele ya bidoni, dumu la njano la lita ishirini. Alikuwa akilisugua kwa mchanga na majani. Jasho lilimtoka, na bidoni lilikuwa linawaka kama kiini cha yai.

Anastase akalijua bidoni lile. Lilikuwa na kitambaa chekundu kimefungwa kwenye mpini wake, na mwenye kitambaa hicho alikuwa mwuza urwagwa wa Nyakiriba, anayejulikana hadi mpakani. Kisha akaona kifuniko. Kilikuwa kimevimba. Pembeni mwake povu jembamba lilikuwa likipumua, pss, pss, kama chura aliyeshiba. Na harufu haikuhitaji pua ya kiwanda.

"Amani, mama."

"Amani, Papa Belyse. Simama pale pale."

"Ile mutobe ilikamuliwa siku gani?"

"Alhamisi. Mungu ni muzuri, batu ya Nyakiriba walituleteya ata na bidoni yao."

"Na ndani, muliiosha?"

Mukamusoni akainuka, mchanga umejaa hadi viwiko. "Ni mi unauliza? Mutu wa pombe anakuja kunifundisha usafi?" Akalipiga bidoni kofi. "Angalia! Inang'ara ao haing'are? Pita, muzee. Kivuli yako isianguke ku vyombo ya Bwana."

Kivuli chake!

Neno lilikuwa mdomoni mwake, lote, limeiva: mama, hiyo imeshakuwa pombe, imwage, nitakukamulia nyingine kabla ya giza. Lilikuwa neno la pumzi mbili. Akalitazama bidoni, akamtazama mama yule, akakitazama kivuli chake mwenyewe kilicholala vumbini bila kosa. Akalimeza neno, akapita.

Na alipofika nyumbani alikuwa anacheka. Mukabera alikuwa barazani akichambua maharage. Kicheko kile hakukipenda.

"We unacheka nini?"

"Kesho watakunywa urwagwa, Mama Belyse! Sebahire na shati yake! Batainua mikono, bataimba, na bidoni muzima ya pombe ku meza!" Akajipiga paja. "Mi wamenitupa juu ya chupa tupu. Sasa wakunywe zenye zimejaa."

"Ulimwambia?"

"Alikataza ata kivuli yangu."

"Nakuuliza ulimwambia."

"Hapana."

Mukabera akaendelea kuchambua. Alitoa punje mbovu, akaitupa kwa kuku, akatoa nyingine. "Na mi pia kesho nitapewa," alisema.

"Wewe usikunywe."

"Na bale wengine?"

"Balinyamaza siku nilikatwa! Ni nani alisimama? Ni nani alisema neno?"

"Hakuna mutu," alikubali Mukabera. "Ata mi sikusema. Lakini wewe, Papa Belyse, kama ungepita mbele ya ile taa yako leo, mi ningekutoa ku mustari."

Akamkasirikia naye. Hakula. Alitembea hadi ziwani akarudi, akaenda tena, na kila hatua alijitetea mbele ya watu wasiokuwepo, na kila mara alishinda.

Jumapili kanisa lilijaa. Anastase akaketi benchi la nyuma, mikono magotini kama kazini, moyo unamdunda kwa ile furaha mbaya. Sebahire akasimama, shati linang'aa, akasoma majina ya waliokatwa meza, jina la Anastase la tatu, kisha akahubiri juu ya usafi. Alihubiri juu ya sketi, juu ya hereni, juu ya mtu anayekaa na harufu ya dunia mwilini akidhani Mungu hana pua. Watu watatu walijipa shida ya kugeuka nyuma kumtazama Anastase. Ee, ni uchungu kiasi gani kuhubiriwa usafi na mtu aliyesimama juu ya bidoni la pombe!

Mukamusoni akafungua kifuniko. Pah! Kikaruka kikagonga mbao za mimbari. Povu likapanda, likamwagika juu ya kitambaa cheupe cha meza.

Harufu ikatembea benchi kwa benchi, ikamsalimia kila mtu kwa jina lake.

Sasa fikirini kidogo. Watu mia moja na zaidi, wote watoto wa vilima vya ndizi. Nani kati yao hakukulia nyumba yenye mtungi wa urwagwa? Kila pua mle ndani ilijua. Niwaambie kwa nini hakuna aliyefungua kinywa? Kwa sababu aliyesema "hii ni pombe" angekuwa amesema "mimi naijua pombe". Na tangu Sebahire aanze kusimama mlangoni, hakuna aliyethubutu kujua kitu. Wakajitazama viatu. Sebahire mwenyewe alimeza mate. Alijua, wallahi alijua, kwa nilivyoambiwa jicho lake lilivyocheza. Lakini angesemaje, yeye?

"Tazameni," alisema, "ata mutobe inafurahia siku ya Bwana."

Na watu, Mungu atusamehe, wakaitika amina.

Sinia likaanza kutembea. Benchi la kwanza likanywa. Bibi Nyirasafari, aliyekuwa na zaidi ya miaka sabini, akakohoa, akafuta mdomo, akasema "asante Yesu" kwa sauti ya kushangaa. Nyuma, Anastase aliuma kidole ili asicheke. Benchi la pili. Mukabera alikuwa hapo, kigilasi kikampita bila yeye kukigusa, na jirani yake akamtazama vibaya, kwa maana katika kanisa lile aliyekiacha kikombe alikuwa ametangaza kwamba ana dhambi iliyofichwa.

Benchi la tatu, mwanzoni kabisa, aliketi Gatete.

Anastase alikuwa hajamfikiria. Kati ya wote aliowaona wakiaibika tangu jana, kati ya zile nyuso zote alizozipanga akazicheka, uso wa Gatete haukuwemo. Sasa aliuona kwa ubavu. Fundi viatu alikuwa amefumba macho. Mikono yake ilikuwa imeyakamata magoti, vidole vimekuwa vyeupe kwenye viungo. Harufu ilikuwa imemfikia zamani, kabla ya wote. Na alikuwa anatetemeka, mwili mzima, kama mbwa aliyenyeshewa. Akikataa, watasema ana dhambi. Akinywa, basi, miaka minane, njia ndefu ya juu, mlango mpya aliouchonga mwenyewe, vyote ndani ya kigilasi kimoja cha Mgiriki.

Sinia likasimama mbele yake. Gatete akafumbua macho, akageuka nyuma. Hakumtazama mzee wa kanisa. Alimtazama aliyemtoa mtaroni.

Hata leo Anastase hakumbuki alivyopita katikati ya mabenchi. Wanasema aliangusha kitabu cha nyimbo cha mtu na mkongojo wa mwingine. Alifika mkono wa Gatete ukiwa umeshainuka, akakifunika kigilasi kwa kiganja chake, kile kile kilichokataliwa.

"Usikunywe, ndugu yangu. Ni pombe."

"Papa Belyse!" Sebahire aliruka kutoka nyuma ya meza. "Unagusa vyombo!"

"Nagusa! Ni pombe! Mutu yote humu anajua ni pombe! Wewe unajua! Mama Nyirasafari, ulikunywa nini?"

Bibi kizee akainamisha kichwa. "Mi nilizania pua yangu imezeeka," alisema.

"Munaona? Munaona!" Sauti yake ilitikisa mabati. "Munapima sketi! Munahesabu hereni! Mutesi alirudishwa kwao na njaa juu ya nywele, nywele! Na hakuna mutu ata mumoja alipeleka mukono ndani ya bidoni kuangalia! Ni nje tu, nje tu, mulisugua nje mupaka rangi inatoka! Na huyu?" Alimshika Gatete bega. "Huyu mungemuua leo, hapa, ku meza ya Bwana, na mungeimba!"

Mukamusoni alikuwa analia kimya kimya, na mkono wake wenye mchubuko wa mchanga ulikuwa juu ya mdomo.

Sebahire alikuwa mtu wa nje, lakini hakuwa mjinga. Alinyoosha kola yake. "Muzuri," alisema polepole. "Na wewe mwenye kuona ndani, ulijua tangu lini?"

Lilikuwa swali jepesi. Jibu lake jepesi lilikuwa karibu: sasa hivi, niliposikia harufu. Nani angebisha? Ukimtoa mke wake, Mukamusoni pekee, na nani angemsikiliza Mukamusoni siku ile? Anastase akafungua kinywa kulisema. Mkono wake ulikuwa bado juu ya kigilasi, na povu lilikuwa limepenya katikati ya vidole, baridi. Chini yake Gatete alikuwa akimtazama, macho yamejaa maji na shukrani, na shukrani ile ilimchoma kuliko mahubiri yote ya Sebahire.

"Jana," alisema. "Jana saa nane."

Manung'uniko yakapanda kama nyuki.

"Niliona bidoni. Nilinusa. Nilinyamaza." Hakuwa anapiga kelele tena, lakini hasira ilikuwa pale pale, ila sasa haikujua imshike nani. "Nilitaka mukunywe. Nilitaka mupate haya. Gatete sikumuwaza. Ata kidogo. Njo vile niko ndani, kama munataka kuona."

Kamati ilikaa mchana ule ule, mbele ya bidoni. Uamuzi ulichukua muda mfupi kuliko kuosha vigilasi. Anastase, hata akiacha kazi leo, aongezewe miezi sita benchi la nyuma, kwa kuficha uovu na kwa kupiga kelele nyumbani mwa Mungu. Mukamusoni hakupewa kitu. Sebahire hakupewa kitu. Ilisemwa, na ikaitikiwa amina, kwamba lilikuwa kosa la bidoni.

Kosa la bidoni! Mimi nikilikumbuka neno hilo, na miguu yangu hii imepita makanisa mengi, bado damu inanichemka.

Anastase alisikiliza hadi mwisho. "Miezi sita juu ya kunyamaza, nakubali," alisema. "Ni yangu. Juu ya kelele, sikubali, ata mwaka kumi." Kisha akaliinua bidoni la njano, mbele yao, bila kuomba ruhusa, akatoka nalo.

Nyuma ya kanisa akaumwaga ule mutobe wote chini ya mikaratusi, hadi nzi wakalewa. Akaomba maji ya moto kwa jirani, akachota changarawe nyeusi za volkano na viganja viwili vya jivu, akatia vyote ndani, akafunga, akaanza kutikisa. Alitikisa kwa hasira, mabega yote mawili, changarawe zikipiga kelele ndani kama mvua ya mawe, na kila tikiso ilikuwa na jina: Sebahire, kamati, amina zao, na lake mwenyewe, Anastase, Anastase, ambalo lilirudi mara nyingi kuliko yote.

Akasikia hatua. Gatete alikuwa amekuja na kigoda cha kazi yake. Hakusema asante, wala Anastase hakumwomba msamaha. Gatete akakiweka kigoda chini.

"Wamesema utakaa nyuma miezi sita," alisema Gatete.

"Ndiyo."

"Ile benchi inaenea batu ngapi?"

"Wewe haukukatwa."

"Najua. Nauliza inaenea batu ngapi."

Pumzi ilikuwa imemwishia Anastase. Akalifungua bidoni, akamwaga maji yaliyotoka meusi, akaliinua juu kwa mikono miwili dhidi ya jua la alasiri, akaweka jicho moja kwenye mdomo wake. Plastiki ya njano iliwaka pande zote kama ile taa yake ya kiwandani. Chini kabisa, pembeni, palikuwa na utando.

Akamkabidhi Gatete.

"Bado," alisema. "Tikisa tena."